Siku Nilipomvua Ngao Nakala ya Tatu

Umewahi kusikia sauti moja ikitoka sehemu mbili kwa wakati mmoja?

Mimi nimewahi. Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mchana kweupe, sijalewa wala sina homa.

Sikio la kulia nilikuwa nimechomeka kisikilizi cha simu, sauti ikawa inaingia humo. Sikio la kushoto lilikuwa wazi. Sauti ileile, neno kwa neno, ikawa inaingia na huko, ikitokea ukutani.

Nikachomoa kisikilizi. Sauti ikaendelea, ya ukutani.

Nikakirudisha. Zikawa mbili tena.

Na watu mia mbili na thelathini walikuwa kwenye simu wananisikiliza nikihema kama niliyekimbizwa. Lakini ngoja nianze mwanzo. Mkinihukumu sasa hivi mtanihukumu kidogo, na mimi nastahili zaidi ya hapo.

Mimi ni fundi wa mapazia. Sishoni suruali, sishoni gauni, ni mapazia tu. Nina chumba kimoja cha kazi, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na tepu ya kupimia ambayo hushinda shingoni hadi nasahau na kurudi nayo nyumbani. Kazini ni mpole kupita kiasi. Mteja akisema pazia limepinda, hata kama kilichopinda ni dirisha lake, nasema, "Samahani dada, nitarekebisha."

Mtandaoni sasa, aisee! Mtandaoni mimi ni Jemadari Ngao.

Kuna katuni moja ya anga za juu, inaitwa Vita vya Dorvu. Wadorvu ni taifa la wapiganaji. Mtoto akizaliwa anapewa ngao kabla ya jina. Wana kanuni ya kila kitu: namna ya kula mbele ya adui, namna ya kumzika aliyekushinda, namna ya kumtaka radhi uliyemkosea. Nimezikariri zote. Siku ya kuzaliwa ya mke wangu nimeisahau mara mbili, lakini kanuni za Wadorvu niamshe usingizini nitazitaja.

Nikaanzisha kundi, Baraza la Dorvu. Lina watu elfu moja na mia moja. Admini mkuu ni mimi. Msaidizi wangu anajiita Rubani. Hajawahi kupanda hata ndege, anaendesha lori la mchanga, ila ukimsikia anavyochambua vita vya angani utadhani kazaliwa kwenye roketi.

Kazi yetu ni kubishana. Nani shujaa, nani adui, nani kaonewa.

Adui mkubwa kuliko wote ni Malkia Vereshi. Huyu ni mzee. Sayari yake imeteketezwa, hana pa kurudi, anapokelewa kwenye meli ya Kapteni Hasko, ambaye ni mume wa binti yake. Sasa kanuni ya Wadorvu inasema hivi: mpiganaji aliyepoteza sayari akipokewa kwenye meli ya mwenzake, anatundika ngao mlangoni na kunyamaza mpaka aulizwe. Vereshi akatundika ngao. Akanyamaza siku thelathini. Siku ya thelathini na moja akashuka chini, akaizima injini ya meli katikati ya maadui.

Kundi zima tulisema ni msaliti. Ulikuwa ubishi wa ajabu sana, maana wote tulikuwa upande mmoja na bado tunapiga kelele.

Nyie mnaoanza kutabasamu, subirini. Mimi sikuona kitu.

Miezi saba kabla ya Jumamosi ile, mama mkwe wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari akasema kuishi peke yake basi, na ngazi asahau kabisa, akianguka tena hatuna la kufanya. Vyumba alivyokuwa amepanga ghorofani vikarudishwa kwa mwenyewe. Vyombo vikagawanywa kwa majirani. Akaja kwetu na begi moja, mkongojo wa chuma na redio.

Kwetu kuna chumba chetu, sebule na stoo. Stoo ilikuwa ufalme wangu. Humo ndimo naweka majora ya vitambaa, na jioni najifungia na simu yangu. Mke wangu akasema stoo igawanywe. Nikaigawa kwa ubao mwembamba, kwa mikono yangu, kwa nyundo na hasira kidogo. Upande wenye dirisha akapata mama. Upande usio na dirisha nikabaki mimi na majora.

Nilichojua kuhusu mama ni kwamba alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka thelathini na moja. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Mimi nilifundwa kumheshimu mkwe, na heshima niliyoijua mimi ni ya kukimbia.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba, umea..."

Hapo nimeshafika getini. Chakula nakibeba na sahani yake mpaka stoo, "nina kazi za watu." Ukiondoa shikamoo, maneno niliyomwambia mama mkwe kwa miezi saba yangeenea nyuma ya bahasha, na nafasi ingebaki ya kubandika stempu.

Mke wangu ni muuguzi, anaingia kazini kwa zamu. Kila akitoka lazima aseme, "Kaa na mama hata dakika tano."

"Namwachia nafasi."

"Nafasi ipi? Mbele ubao, nyuma ukuta."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Mama alipotimiza miezi mitatu kwetu, kwenye kundi akaingia mtu anayejiita Nakala ya Tatu. Hakuweka picha. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa huu:

"Waheshimiwa wa baraza. Nimeangalia sehemu zote hamsini na mbili, nyingine mara mbili. Naomba kupinga hukumu dhidi ya Malkia Vereshi kwa kuwa hakuna siku aliyosikilizwa."

Nikamjibu kwa madaha: "Karibu kijana. Hapa hatuandiki kimahakama. Kasome kanuni kwanza."

Dakika haikuisha.

"Nimezisoma. Kanuni inasema mgeni anyamaze mpaka aulizwe. Haijasema mwenye meli asiulize."

Weee! Watu wakacheka kundi zima. Rubani, msaidizi wangu mwenyewe, akaweka emoji tatu za kupiga makofi. Nikasema huyu nitamnyoosha.

Nikaanza kumjengea picha kichwani. Kijana, wakili mchanga, ndevu zimechongwa, miwani myembamba, anakunywa kahawa chungu na kujiona. Nikamchukia kwa moyo wote. Nabishana naye kwenye simu, nikiweka simu chini nabishana naye kichwani. Siku moja nakata mapazia ya saluni huku namwandalia jibu, pazia la futi saba likatoka futi tano. Mwenye saluni akalitazama, akanitazama.

"Fundi, hili ni pazia au sketi ya dirisha?"

"Samahani dada, nitarekebisha."

Unarekebishaje kitambaa kilichokwisha katwa? Wewe acha tu.

Lakini niseme ukweli. Nilikuwa nafurahia. Miezi minne ile nilikuwa nikifika nyumbani nakimbilia stoo kama mtu anayewahi kikao. Nacheka peke yangu, napiga paja. Narekodi majibu kwa sauti nzito: "Sikiliza wewe Nakala, kichwa kigumu, wakili wa mashetani!" Yeye anajibu kwa maandishi, kwa utulivu, na tarehe, na dakika ya tukio, na nani alisema nini. Mara nyingine nikiwa narekodi redio ya mama nyuma ya ubao ilikuwa inazimwa. Nilidhani namkera. Nikawa napunguza sauti, kidogo tu.

Jumatano ikafika.

Siku hiyo mteja alikuwa amenirudishia mapazia ya ukumbi mzima, nimefika nyumbani nimevimba. Nafungua simu, Nakala ya Tatu kaandika: "Kapteni Hasko alipita mbele ya mlango wa Vereshi kila siku. Ngao aliiona. Aliwahi kubisha hodi hata siku moja?"

Nikaandika, nayakumbuka maneno yangu yote: "Mgeni aliyepokewa ashukuru. Akichoka kunyamaza, mlango upo."

Watu wakanimwagia emoji za moto. Nikajiona nimeua.

Yeye akauliza swali moja tu. "Hivyo ndivyo unavyoona, Jemadari?"

"Ndivyo."

Na kwa kuwa ibilisi wa sifa alikuwa ameshanipanda, nikaona nimalize kazi. Nikaweka picha ya ngao iliyopasuka katikati, nikarekodi ngoma kwa kugonga meza, nikatangaza: "Kwa mamlaka ya baraza hili, namvua ngao Nakala ya Tatu." Nikamtoa kwenye kundi. Nikala chakula changu kwa raha, peke yangu, juu ya jora la mahameli.

Alhamisi mchana, nilipopitia nyumbani kula, mke wangu alinikuta jikoni. Alikuwa ametoka zamu, hajavua hata viatu.

"Mama anaondoka Jumamosi."

"Anaenda wapi?"

"Kwa rafiki yake waliyekuwa wanafanya kazi pamoja. Kampa chumba. Kiko ghorofa ya pili."

"Na nyonga?"

"Umeuliza vizuri. Kamuulize mwenyewe." Akaweka mkoba chini. "Anasema kwetu amekaa vya kutosha. Umemfanya nini?"

"Mimi? Jamani! Hata hatuongei!"

Akanitazama kwa muda mrefu. "Umejisikia ulichosema?"

Nikajifanya naosha kikombe.

"Gari linakuja Jumamosi saa sita," akasema. "Ongea naye kabla ya hapo. Akitoka, natoka naye. Siwezi kumwacha apande zile ngazi peke yake, na siwezi kuishi na mtu aliyemwacha azipande."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Alisema kama anavyosoma cheti cha mgonjwa, kisha akaenda kuoga.

Nikaapa nitaongea na mama siku hiyohiyo. Jioni nikafika mlangoni kwake, nikainua mkono nibishe hodi, nikaushusha. Nikakohoa.

"Karibu," mama akasema kutoka ndani.

"Ah, hapana mama, nilikuwa napita."

Napita kwenda wapi? Korido inaishia pale.

Ijumaa Rubani akanipigia, nyuma yake lori linanguruma. "Jemadari, kundi linawaka moto. Watu mia nne wanataka Nakala arudishwe."

"Kwa nini?"

"Wanasema bila yeye tunakubaliana tu. Inachosha bwana. Tufanye hivi: mjadala wa sauti, kesho saa nne, wewe na yeye, watu wasikilize. Nimeshamwandikia pembeni, kakubali. Akishindwa abaki nje."

Hapa ndipo nataka mnitukane vizuri.

Nilikumbuka kwamba kesho ni Jumamosi. Nilikumbuka saa sita. Nikapiga hesabu zangu: mjadala saa nne mpaka saa tano, mama saa tano, gari saa sita. Yaani mama mkwe wangu na ndoa yangu niliwapa ile saa moja itakayobaki baada ya katuni.

Jumamosi saa nne kasoro, koridoni kulikuwa na mabegi mawili. Moja la mama. La pili la mke wangu. Mke wangu alikuwa anahangaika na zipu.

"Kuna jambo moja la haraka," nikasema. "Nakuja sasa hivi kuongea na mama."

Hakuinua hata kichwa. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikachomeka kisikilizi.

Nilihutubia dakika tisa. Nilitaja kanuni kumi na nne. Nilisema heshima ya mpiganaji iko kwenye ukimya wake. Nilisema Kapteni Hasko ni mfano wa mwanaume, kampa mzee yule chumba na chakula, alitaka nini tena? Makofi yakamiminika kwenye skrini. Rubani akasema, "Nakala ya Tatu, zamu yako."

"Salamu kwa baraza. Mniwie radhi, sauti yangu si ya kupiga mbiu."

Kundi likalipuka. Kumbe ni mwanamke! Mtu mzima! Ndevu nilizomchonga zote zikapukutika.

Na mimi nikasikia ukuta ukisema, "si ya kupiga mbiu."

Nikachomoa. Nikarudisha. Nikachomoa. Jasho likanitoka mpaka tepu ya shingoni ikalowa.

Yeye anaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma karatasi iliyo mbele yake.

"Sitetei kuzimwa kwa injini. Mle ndani mlikuwa na watoto. Alikosea, na nimeandika hivyo tangu siku ya kwanza, rejeeni. Ninachopinga ni kuitwa msaliti. Msaliti ni mtu wa ndani aliyegeuka. Huyu mzee hakuna aliyemwingiza ndani. Walimpa chumba, wakampa chakula, wakamwogopa, woga wakauita heshima."

Nikamsikia akivuta pumzi, mara mbili.

"Siku thelathini anasikia watu wanacheka upande wa pili. Kuna siku angependa tu kujua wanacheka nini."

Nilikaa chini, juu ya jora.

Rubani akaingilia. "Samahani mama, kuna mwangwi. Jemadari, zima maiki yako, Nakala anasikika mara mbili."

Kidole hakikutaka kusogea.

"Jemadari? Nakala anasikika kutokea kwako. Mko chumba kimoja?"

Mtu mmoja akacheka.

"Hatuko chumba kimoja, Rubani," mama mkwe wangu akajibu. "Kuna ubao katikati. Aliupigilia yeye mwenyewe."

Haki ya nani, kama sakafu ingekuwa na mlango ningeufungua.

"Naomba niishie hapo," akasema. "Saa sita nina safari."

Akakata.

Simu yangu ikaanza kutetemeka kwa jumbe kama imeshikwa na degedege. Nikaiacha juu ya majora. Nikatoka, nikampita mke wangu koridoni, nikabisha hodi.

"Karibu."

Mara hii sikuwa napita.

Miezi saba, na ile ndiyo mara ya kwanza naingia chumba kile tangu niupigilie ubao. Kitanda kimetandikwa. Redio imefungwa kwa waya wake. Mama amekaa kwenye kiti, mkongojo magotini, simu mkononi. Na dirishani kulikuwa na shuka kuukuu, limeshikiliwa na misumari miwili. Mwanzo nilidhani ameshatoa pazia lake kwa ajili ya safari. Kisha nikakumbuka kwamba hajawahi kuwa na pazia. Mimi ni fundi wa mapazia. Upande wa pili wa ubao kuna majora kumi na moja.

Sasa hapa, ndugu zangu, nilifanya kitu ambacho mke wangu mpaka leo akikikumbuka anatafuta pa kushika.

Wadorvu wana namna yao ya kuomba radhi. Unaweka ngao chini mbele ya uliyemkosea, unampa mgongo, unafumba macho, unasubiri pumzi tatu. Akitaka kukupiga akupige. Mimi kichwa kilikuwa kimepata moto, lugha nyingine sina. Nikachukua sinia la plastiki lililokuwa mezani kwake, nikaliweka chini, nikageuka, nikafumba macho.

Pumzi ya kwanza. Ya pili.

"Unafanya nini, baba?"

"Naomba radhi, mama."

"Kwa mgongo?"

"Ndivyo Wadorvu wana..."

"Najua wanavyofanya. Sehemu ya kumi na tisa. Hebu geuka. Mimi si Mdorvu, mimi ni mama wa mke wako. Niombe kwa uso."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, anatuangalia mimi na sinia.

"Ulijua ni mimi tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya kuingia. Huu ubao hata paka akipita nasikia." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nilikusikia ukicheka. Nikajiuliza, huyu kijana anacheka na nani? Mbona kwangu hajawahi kucheka hata siku moja? Nikasikia unataja Dorvu, Dorvu. Nikamwomba binti yangu anifungulie hiyo Dorvu kwenye simu. Nimeangalia zote, na macho yangu haya. Nilitaka nipate la kuongea na wewe."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekuambia ungesema shikamoo na kukimbia."

Nikafuta jasho kwa ncha ya tepu.

"Na hilo jina, mama?"

"Hukumu nilikuwa napiga nakala tatu. Ya kwanza ya hakimu, ya pili ya mwenye kesi, ya tatu ya faili. Miaka thelathini na moja sijawahi kuona mtu anaisoma ya tatu." Akaangalia simu yake. "Wewe ulinisoma. Miezi minne umenijibu kila siku. Umeniita kijana, umeniita kichwa kigumu, nimecheka mpaka nyonga inauma. Jumatano ukanitoa."

"Mama, nilikuwa naongelea katuni!"

"Najua. Na mimi nilijiambia hivyo usiku kucha, mzee mwenzangu, ile ni katuni. Asubuhi nikakusubiri hapa mlangoni, nimejishika na mkongojo. Nikasema akinisalimia leo akasimama, basi ilikuwa katuni."

Akanitazama.

"Ukasema shikamoo. Ukapita."

Nililia. Sitaki kupamba. Mwanaume mzima, tepu shingoni, sinia la plastiki miguuni, nililia kwa sauti mpaka kamasi. Nikasema nisamehe mama. Nikasema usiondoke.

"Kwa nini nisiondoke?"

Niliona mke wangu amekaza macho. Lilikuwepo jibu la ndoa. Lilikuwepo jibu la daktari na ngazi. Yote ni ya kweli, ila yaliyotoka mdomoni hayakuwa hayo.

"Kwa sababu kwenye dunia hii hakuna mtu ninayeongea naye kama wewe. Sikujua tu kwamba ni wewe."

Nje honi ikalia. Gari lilikuwa limewahi.

Mama aliinama akaokota lile sinia, kwa shida, nikataka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Akalirudisha mezani. Honi ikalia tena.

"Kamwambie dereva aende," akamwambia mke wangu. "Mwambie mzee kaghairi. Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi, nimwangalie huyu."

Mwisho wa mwezi umeshapita, wiki mbili sasa. Hajasema kitu, na mimi siulizi.

Pazia alipata Jumatatu yake, la kitambaa alichochagua mwenyewe. Alinirudishia mara mbili. Alisema limepinda, na kweli lilikuwa limepinda. Chakula nakula mezani. Siku ya kwanza tulikaa kama watu wanaosubiri majibu ya kipimo, kila mtu anaangalia kijiko chake. Ikabidi nichokoze: "Mama, ile sehemu ya arobaini, Hasko angefanyaje?" Mke wangu alimaliza kula, akaoga, akalala, sisi bado tupo mezani.

Mke wangu hajafungua begi lake lote. Anasema anatoa nguo mojamoja kadiri anavyoniona. Zimebaki blauzi tatu na viatu vya kanisani. Nafanya bidii.

Na kundi langu? Nililoanzisha mwenyewe? Walipiga kura wakamchagua mama kuwa admini mkuu, Rubani ndiye aliyependekeza, msaliti yule. Juzi mama alinifungia siku kumi na nne kwa kosa la kudharau baraza. Ndiyo maana mnaona naandika huku badala ya kule.

Funzo ni dogo. Kama nyumbani kwako kuna mtu mzima unayemsalimia huku unatembea, kesho msalimie umesimama. Muulize ameamkaje, halafu usiondoke mpaka amalize. Jiandae lakini. Jana nilimuuliza mama, jibu lilichukua dakika arobaini: nyonga, ndoto aliyoota, jirani, na kwa nini sehemu ya ishirini ilichorwa ovyo. Nilifika kazini nimechelewa, mteja ananisubiri mlangoni amenuna. Nikasema samahani dada, kama kawaida yangu, ila siku hiyo sikuwa na majuto yoyote.

Haya mliyosoma mama ameyapitia kabla yenu. Amesahihisha nukta na koma, akataka nifute pale nilipolia, eti naaibisha nyumba. Nimekataa kufuta. Nikamwambia pia, usoni kabisa, kwamba pamoja na yote Malkia Vereshi bado ni msaliti.

Ameniongezea siku tatu.